Ukoo Wangu kwa Makundi Matatu

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejiandikisha! Darasa la jioni la watu wazima, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Section 58. Wenzangu wanataka kurudia mtihani wa Kidato cha Nne. Mimi nataka mke. Mwalimu ni Bi. Wangare, mama yake Abby, na Jumamosi hii wazee wangu wanakwenda kwake kujitambulisha kwa mara ya kwanza. Akitukataa, basi. Abby ameshaniambia wazi kwamba hataolewa bila baraka za mama yake.

Mpango: Mwalimu aone akili yangu kabla hajauliza habari za ng'ombe. Ng'ombe wenyewe ni wa kuazima.

Leo tumefundishwa aya ya kuainisha. Unachukua vitu, unavigawa kwa kigezo kimoja, kila kitu kinapata kundi lake. Rahisi mno. Sikuandika hata neno. Sitati, fundi viatu anayekaa mbele, aliandika yote kisha akambebea Mwalimu mkoba hadi barabarani. Ana mke na watoto, najua. Lakini mwanamume anayebeba mkoba wa mama mkwe wangu ni wa kuchungwa.

Jumatano, 10 Septemba

Siku mbaya. Kila mtu alisoma aya yake. Sitati aligawa maharagwe kwa muda yanaochukua kuiva. Maharagwe! Mwalimu akamsifu, akasema hata mpishi angeitumia aya hiyo. Mimi nilikuwa nimeandika habari za viazi. Nikaona viazi haviwezi kushinda maharagwe, nikaitupa aya yangu na kutunga nyingine papo hapo nikiwa nimesimama: aina za mama mkwe. Nilitaka kumfurahisha. Nikasema wako wakali, wako wapole, na wako wanaopenda vitenge.

Mwalimu akauliza mama mkali anayependa vitenge anakaa kundi gani. Hapo ndipo nilipotazama alichovaa. Nikajibu kwamba huyo tunamweka kwa wengineo.

Akaniambia kundi la wengineo ni kapu la mvivu. Kisha akasema taratibu, "Kimeli, wewe unagawa watu kabla hujawaangalia."

Darasa zima likacheka. Sitati peke yake hakucheka. Huo ni unafiki.

Alhamisi, 11 Septemba

Abby alipiga simu nikiwa nimefungua simu ya mteja, skrubu zimetapakaa mezani. Mama yake amemuuliza kama Kimeli wa Jumamosi ndiye yule yule wa darasani. Abby akasema nisilete mchezo, mama ameanza kusitasita. Sauti yake ilikuwa na hofu. Nampenda huyu msichana, na nimeogopa kweli.

Basi lazima Mwalimu aone kwamba somo limeniingia. Nimeugawa msafara wangu kwa kigezo kimoja tu: sauti. Kwao wageni hufungiwa geti, akina mama huimba upande wa ndani, na msemaji wenu lazima asikike. Nimewapigia jamaa zangu wote simu na kuwasikiliza. Wenye sauti kubwa watatangulia. Wenye sauti ya kadiri watafuata. Wasio na sauti watakaa nyuma na zawadi, unga na sukari. Mbele kabisa ni binamu yangu Kipyegon, anayenadi mitumba soko la Bondeni. Mzee Kimutai, kaka yake marehemu baba, ndiye amekuwa msemaji wetu katika posa zote, lakini siku hizi sauti yake ni kama ya mtu anayeungama. Nyuma, kwenye unga.

Nilipopeleka viatu kwa Sitati vishonwe, nikamweleza mpango. Akasema wazee huachwa wajipange wenyewe. Wivu huo.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tulifika geti likiwa limefungwa. Nikawapanga. Mzee Kimutai alinitazama, akachukua mfuko wa sukari, akaenda nyuma. Akina mama wakaimba, wakauliza sisi ni nani na tumepotea kutoka wapi. Hata mtoto mdogo anajua jibu lake: sisi ni wapita njia, tumeona boma zuri, tunaomba kuwajua wenyeji. Siku ya kwanza msichana hatajwi. Mali haitajwi kabisa.

Kipyegon akajaza kifua. "Mathe, tumekuja kuchukua Abby. Tuambie bei ya mwisho tumalize."

Nyimbo zikakatika. Nikakimbia nyuma, nikamwomba Mzee Kimutai aokoe jahazi. Akasema kwa upole kwamba yeye amewekwa kundi la wasio na sauti, na hataki kuniharibia kazi ya darasani.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefungua. Alisema mgeni hafukuzwi, tutakunywa chai, lakini mazungumzo hayapo leo. Tukanywa. Nilisikia kila mtu akimeza. Wakati wa kuaga akanivuta kando na kunipa kazi: niandike aya ya kuainisha sababu za siku hii kuharibika. Ikimridhisha, wazee warudi. Isipomridhisha, tusisumbuane tena. Abby alikuwa amesimama nyuma yake, macho mekundu.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimeandika tangu asubuhi, na sijawahi kuandika vizuri hivi. Sababu ziko za aina tatu. Kwanza, za mdomo: Kipyegon. Pili, za kiburi: Mzee Kimutai, mtu mzima kununa kwa sababu ya sukari. Tatu, za mila: geti lingekuwa wazi, nani angehitaji msemaji?

Nilimpigia Abby nikamsomea. Akaniuliza, pole pole, kama nina hakika hakuna mtu niliyemwacha nje. Akasema nifikirie vizuri, maana mama ataangalia hilo kwanza kabisa.

Kwa hilo nitampenda mpaka kufa. Nilifikiri, nikaona amesema kweli. Nilikuwa nimemsahau Sitati! Nimemtengea kundi lake peke yake, na kesho jioni nitasoma mimi wa kwanza.