Ovaroli ya Picha

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Lawama kwanza, salamu zitafuata. Mtu mzima kama wewe unapamba lango kwa mtoto wa watu, halafu ndani ya karakana humpi hata msumari ashike. Haya, hujambo?

Mimi ni bibi wa yule msichana wa kwenye bango lako, mwenye kofia ngumu na meno yote nje. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika polepole, nawe usome polepole. Naomba unirudishie mjukuu wangu, bango ubaki nalo. Sababu ni hizi.

1. Mlisema mnataka wasichana kwenye uhandisi. Nikafurahi, nikawatangazia hata wasionisalimu. Kumbe mlitaka mmoja, tena wa kutazamwa. Wageni wakija anaitwa, anashikishwa spana, anaambiwa atabasamu, spana inarudi mahali pake. Wenzake muda huo wanakereza vyuma kwenye mashine.

2. Ovaroli inayomtosha ipo moja tu, nayo mmeifungia kabatini ofisini, eti ya picha. Siku za kazi anapewa ya fundi mmoja, pandikizi la mtu, mikono inaburuzika. Mwalimu wa karakana, ambaye nasikia ni muungwana sana, humwambia, "Mwanangu, mikono hiyo itanaswa na mashine. Kaa kando uandike mahudhurio." Kweli kabisa, itanaswa. Lakini chuo kizima hicho, mkasi hamna? Au nao unasubiri wageni?

3. Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo. Asipokereza kipande chake, mmesema mtamhamishia uhazili. Mimi nashauri bango ndilo lifanye mtihani. Halijakosa siku hata moja, halichelewi, na nguo inalitosha. Likifaulu, livikeni joho. Juzi mtoto alikuja mapumziko ya wiki, na hiyo ovaroli ya kufua; alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Bibi, pale langoni wananijua wote. Karakanani hata mashine hainijui." Nikatafuta kalamu. Na mimi si mtu wa kunyamaza, waulize majirani.

4. Cherehani yangu imekwama tangu mvua zilizopita. Mhandisi asiyeweza kufufua cherehani ya bibi yake ni wa nini? Heri arudi nyumbani, aproni ya jikoni inamtosha.

Basi mwachilie kabla ya mtihani, asije akaaibika kwa kosa la nguo. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, mpiga picha, na hasa huyo mwenye funguo za kabati.

Ni mimi,
Bibi wa Bangoni

Tanbihi: Barua imechelewa kwa sababu jana mjukuu wangu alisoma hiyo namba nne akichungulia begani kwangu. Akaifungua cherehani mezani, akakuta kijichuma kimoja kimelika, akachonga kingine kwa tupa kutoka kwenye bawaba kuukuu ya mlango. Sasa inakwenda kama haikuwahi kuugua. Nami nikaitumia papo hapo kupunguza ile ovaroli ya pandikizi: mikono imeishia kwenye kifundo cha mkono, imebana, haina pa kunaswa. Kwa hiyo namba nne ifute, na kumrudisha usimrudishe. Jumatatu asubuhi mweke kwenye mashine. Mahudhurio andika mwenyewe.