Rangi Iliyoishia Kwenye Vichuguu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku kubwa! Nimeteuliwa. Mimi, Adrabo, karani wa ofisi ya kata ya Onziku, niliyekaa miaka sita nikigonga mihuri kwenye barua za watu wengine! Madam Eyotaru, mkuu wetu wa kata, amenikabidhi daftari jipya, kopo la rangi nyekundu ya mafuta na brashi moja. Kazi yenyewe: kuorodhesha mali yote ya umma kabla wakaguzi hawajaja Jumanne ijayo. Kila daraja, kila kalvati, kila kisima, kila chemchemi ipakwe namba na iwe na mstari wake daftarini. Kisicho na namba hakitaingia kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka huu. Hilo la mwisho amelirudia mara mbili, akinitazama mimi tu.

Nyumbani nikamweleza Santa, mke wangu. Hakupiga vigelegele. Aliuliza tu kama pampu yetu itaandikwa. Pampu ya kisima hapa karibu imekufa, hii ni wiki ya tatu, na yeye anateremka mpaka kijitoni na madumu mawili, kisha anapanda nayo kilima chote. Nikamwapia kwamba itaandikwa. Iko hatua mia moja kutoka mlangoni petu, itanishindaje? Nitaimalizia mwisho kabisa.

Ambalo sikumwambia ni pikipiki. Ile ya bluu ya ofisi, inayolala chini ya turubai. Msimamizi wa mali wa kudumu, atakayeteuliwa baada ya ukaguzi, ndiye atakayeiendesha. Najiona tayari nikiingia nayo mtaa wa Awindiri wanakoishi mashemeji, wote wamepanga mstari.

Jumanne, 4 Machi

Nimepaka kalvati tisa, lango la soko, tangi la zahanati na mabenchi yake yote. Jua kali. Suruali imeharibika. 

Agnes Keji akanikuta kwenye kalvati la kumi. Agnes ni fundi wa pampu wa kata nzima. Alivuka mpaka kutoka upande wa Yei miaka ile ya vita, akabaki, na sasa hakuna spana inayomkatalia. Ana kijitabu chake kimejaa grisi, hakiachi hata akienda sokoni. Akauliza nimejaza nini kwenye safu ya hali na safu ya matengenezo. Nikamjibu safu hizo zitangoja, kwanza urefu wa orodha. Akasema daftari la mali si shindano la urefu, kwamba kila unachokiandika umekubali kukitunza mwaka hadi mwaka.

Wivu! Wivu mtupu! Anaitaka pikipiki.

Nimehesabu jioni. Mali thelathini na nane. Aibu tupu, kata nzima haifiki hata arobaini.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi kanisani kupakwa majivu ya Kwaresima, kisha gari la abiria hadi Koboko, kwa rafiki yangu Aziz tuliyesoma naye kozi ya ukarani. Ofisi yao inasifiwa kila mahali kwa daftari lao. Nilikuwa na nia mbili: kuiba siri yao, na kula chakula cha mchana.

Aziz amefunga Ramadhani, hilo nilijua. Lakini siku zote mgeni wake huagiziwa chakula. Basi akaona majivu kwenye paji langu la uso! Akanishika mikono yote miwili, macho yamemlegea kwa furaha, akasema leo tumefunga pamoja, mimi na yeye, Mungu atupokee. Ningesema nini? Nikasema amina. Nje mtu alikuwa anachoma nyama.

Daftari lao lina mali mia moja na themanini! Nikauliza siri. Aziz akasema wengi husahau mali ya asili: chemchemi, ardhi oevu, miti. Andika kile ambacho ardhi inawapa watu kila mwaka, akasema, kile ambacho mkikitunza hakiishi. Alieleza na mengine marefu, jinsi walivyokaa kwanza na wenyeji wa kila chemchemi na kukubaliana nani mwenye nini. Hayo sikuyashika. Tumbo lilikuwa linanguruma kuliko yeye.

Njiani kurudi, wazo! Nusura niruke garini. Ni kitu gani kwetu hutoka ardhini kila mwaka, kinaliwa na kila nyumba, na hakiishi? Kumbikumbi! Na kumbikumbi hutoka wapi? Vichuguuni. Na Onziku imejaa vichuguu.

Alhamisi, 6 Machi

Najua, najua. Kwetu kila kichuguu kina mwenyewe. Mtu hurithi kichuguu kama anavyorithi shamba, na mvua za kwanza zikianguka ukivuna kwa mwenzako unaitwa mwizi mpaka ufe. Lakini namba si kunyang'anya. Namba ni heshima!

Nikaanza na kichuguu cha baba mkwe, Sajini Lemi, mwanajeshi mstaafu, asije akasema nimempita. Hakuwepo. Nikampa OZK/39 kwa herufi kubwa. Kisha nikaendelea shamba hadi shamba.

Tatizo moja dogo. Udongo wa kichuguu unakunywa rangi. Unapaka, unanyonya, unapaka tena. Namba moja inakula rangi ya makalvati matano. Sikurudi nyuma. Mpaka jua linazama: vichuguu hamsini na vinne! Jumla mali tisini na mbili!

Nimejaza safu zote, Agnes asipate la kusema. Hali: nzuri. Mhusika wa matengenezo: mchwa wenyewe, usiku na mchana, bila posho. Nimeisoma mara tatu. Ni sentensi bora kuliko zote nilizowahi kuandika serikalini.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Sajini Lemi amevaa koti la jeshi na medali zake, ameweka kiti juu ya kichuguu, na amekaa hapo tangu alfajiri na redio yake. Wengine wameona, nao wamepanda vyao. Nimetoka nje nikaona kila kichuguu kina mtu. Wamama wamehamisha hata vyungu.

Mkwe hawezi kwenda kubishana na baba mkwe uso kwa uso, kwetu hilo halipo kabisa. Nikamtuma Santa. Akarudi na jibu, nalinakili lilivyo: "Mwambie bwana yako, serikali iko na bunduki, iko na magari, iko na greda. Sasa inataka na kumbikumbi yangu? Hii kichuguu iko ya baba yangu. Mutu akikuja kuvuna hapa, na yeye nitamupaka namba."

Nikamtuma tena na maelezo kuhusu heshima. Akarudi na jibu fupi zaidi, ambalo silinakili. Mara ya tatu Santa aligoma. Akasema wiki tatu hizi amebeba maji na leo amebeba maneno yangu, kilima ni kilekile, na heri maji. Akachukua madumu, akaenda kijitoni. Nilimtazama akishuka. Sikujisikia vizuri. Nikajiambia pampu kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho yenyewe ilikuwa sikukuu ya wanawake, keshokutwa Jumapili. Basi leo. Nimefungua kopo mbele ya pampu yetu. Kavu! Nimelikwangua kwa kijiti, nimepata rangi ya kutosha kupaka ukucha. Madam Eyotaru amesema kopo lilikuwa moja na ni moja. Nimesikia Agnes Keji anayo rangi kidogo, ya kuwekea alama mabomba yake. Kumwomba Agnes? Bora nife.

Halafu akili ikafanya kazi. Unga wa muhogo! Nimekoroga uji mzito, mweupe, unaonata kama gundi, nikaandika OZK/93 ubavuni mwa pampu. Ukikauka unang'aa kuliko rangi ya dukani. Santa alisimama akitazama unga wake unavyoisha. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aniamini. Akasema hajui tena aamini nini, anataka maji tu.

Jumanne, 11 Machi

Wakaguzi wawili, mama mmoja mwenye miwani na bwana mmoja mwenye kikohozi. Mama akasoma daftari kwa sauti, mbele ya watu wote. Alipofika kwenye mchwa wasio na posho, akavua miwani. Madam Eyotaru akafumba macho. Mkaguzi akauliza kama wenye vichuguu waliulizwa. Sikuhitaji kujibu, walikuwepo thelathini nyuma yangu, na Sajini Lemi alikuwa juu ya OZK/39 akipiga saluti.

Kalamu nyekundu. Mistari hamsini na minne, mmoja baada ya mwingine.

Nikajipa moyo. Imebaki pampu! Nikawaongoza mwenyewe, kifua mbele. Tukakuta mbuzi watatu. Wawili wanalamba pampu, wa tatu anangoja zamu. Ya namba yangu ilibaki nusu ya tarakimu tisa. Tulipokaribia, nayo ikaenda.

Mama wa miwani akasema hana namba, hana historia ya matengenezo, hana la kusaini. Akaanza kufunga kalamu. Santa alikuwa pale na madumu yake mawili. Hakunitazama hata. Nilitamani anitukane.

Ndipo Agnes Keji akafungua kile kijitabu cha grisi. Mwaka kisima kilipochimbwa. Mabomba yaliyobadilishwa, na lini. Mpira wa ndani ulioisha. Nyumba sitini na moja zinazoteka hapo, na majina ya kamati. Akamaliza, akachomoa mfukoni kikopo kidogo, akainama, akapaka namba. Kisha akawaambia wakaguzi kwamba bwana Adrabo alimwachia hii moja makusudi, kwa kuwa fundi ndiye anayeijua.

Uongo mtupu! Mkaguzi akasaini.

Nimekaa hapa nawaza kwa nini alifanya hivyo. Lazima ana mpango.

Alhamisi, 13 Machi

Maji! Agnes amefunga mpira mpya, akapampu mara ishirini, yakakohoa, yakaja mekundu, kisha meupe kabisa. Santa alikuwa wa kwanza. Alinawa uso, akamwagia jirani, akacheka kile kicheko chake ambacho sijakisikia wiki nyingi. Moyo ulinijaa. Nampenda sana mwanamke huyu. Nilifuta macho, nikasema ni vumbi.

Jambo moja la kusikitisha. Vipuri vilikuwa stoo ya kata tangu pampu ilipokufa, vikingoja fomu igongwe muhuri. Fomu imepatikana mezani kwangu, chini ya daftari jipya. Nani angejua?

Pikipiki amepewa Agnes. Daftari pia. Jogoo wangu amepelekwa kwa Sajini Lemi kwa mkono wa Santa, na Sajini ametuma salamu: amesamehe, na kumbikumbi zikitoka nitaletewa sahani, lakini nisisogee. Watu wema sana, ukoo ule.

Na mimi? Sijaachwa! Agnes ameniombea nafasi kwenye kamati ya pampu, chini yake. Nimekuwa mtunza ufunguo. Kisima kimezungushiwa uzio na mnyororo, nifungue asubuhi na jioni, mchana pampu ipumzike isichakae. Akasema ni kazi ndogo lakini bila hiyo pampu haifiki mwaka. Ndogo! Ufunguo mkononi, nyumba sitini na moja zinanitegemea!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika kanuni kumi na nne. Mstari wa wanaoteka upangwe kwa herufi za majina. Madumu yote yaoshwe mbele ya mtunza ufunguo. Kanuni ya tisa: mtunza ufunguo asalimiwe kwanza. Saa mbili asubuhi nikaingia peke yangu ndani ya uzio, nikatundika ufunguo kwenye mkono wa pampu ili mikono iwe huru, nikafunga karatasi ya kanuni kwa waya, nikarudi nyuma kuitazama. Safi sana! Nikatoka, nikabana kufuli, wasiingie kabla hawajasoma.

Ufunguo uko palepale. Nauona kutoka hapa nilipo. Wanawake thelathini na wawili wamejipanga, si kwa herufi, na Santa ndiye wa mbele. Agnes Keji anakuja na pikipiki na msumeno wa chuma, nasikia mlio wake ukipanda kilima. Nimeshaandika kanuni ya kumi na tano. Hakati mpaka asaini kwangu kwanza, mnyororo ni mali ya umma.