Vumbi la Charger ya Wendell

Sisi wapenda magari ya zamani wa mji wa Ypsilanti hatuna akili nzuri, na Wendell Pruitt aliligundua hilo kabla yetu. Tukiona gari linang'aa, tunauliza linaficha nini. Likitolewa ghalani limejaa kinyesi cha kuku, tunavua kofia kwa kuwa halijaguswa na fundi, bei inapaa, na ole wake atakayeligusa kwa kitambaa.

Wendell alikuwa na Charger ya 1969 iliyoungwaungwa kutoka magari matatu. Aliimwagia vumbi la mashine ya kufagilia mazulia, akaomba kinyesi kwa mfuga kuku, akakipanga kwenye boneti kwa makini kama anapamba keki ya harusi. Yote hayo kwa ajili ya gari lake jingine, Chevelle nyekundu aliyoachiwa na baba yake, kitu pekee halisi maishani mwake. Ilikuwa ikilala nje kwenye theluji, naye alitaka kuijengea gereji kwa pesa za Charger.

Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa mgahawa tunapokutana kwa kahawa na donati, aliyaegesha yote mawili sambamba. Loretta Kowalczyk, mjane aliyekuwa ameuza duka lake la mikate, akasogea. Wendell akaona riziki inakuja kwa miguu yake yenyewe.

"Mama Kowalczyk, macho yasikudanganye. Hii nyekundu ni sura tu. Rangi ya juzi, injini ya kuazima. Hata dola elfu kumi na mbili ningeona haya kuzipokea. Lakini hii Charger imelala ghalani miaka arobaini. Elfu sitini, na nitalia ikiondoka."

"Kumi na mbili, hii nyekundu?"

"Ukitaka kupanda maua ndani yake, ndiyo."

Tulicheka sote, mimi zaidi ya wote.

"Nimekubali," Loretta akasema, akanyoosha mkono.

Kwetu, bei ikitajwa mbele ya watu na mkono ukanyooshwa, imeuzwa. Anayerudi nyuma hatauza tena hata tairi.

"Mama, nilikuwa natania," Wendell akasema.

"Umetania rangi au injini?"

"Vyote. Kila kitu ni chake cha asili, baba aliinunua mpya."

"Kumbe ulinidanganya." Alisema kwa sauti ya kutosha meza zote. "Basi na hii ya kuku tuikague. Nani ana sumaku?"

Tukatia mikono mifukoni kwa pamoja. Sumaku haishiki bodi iliyozibwa kwa plasta, na hakuna kati yetu anayetoka nyumbani bila yake. Wendell akaudaka mkono wa mjane kabla hata moja haijatoka, na Chevelle ikawa imeuzwa.

"Baba yako alikuwa akija nayo dukani kwangu kila Jumapili," Loretta akamwambia akiketi kwenye usukani wa Chevelle. "Aliisifu kuliko alivyokusifu wewe."

Wendell alilia kweli, mbele yetu, na donati mkononi.

Gereji ameshaijenga kwa zile elfu kumi na mbili, nzuri, ina hadi kipasha joto. Ndani inalala Charger, kwa sababu ikinyeshewa vumbi litaondoka. Jumapili Loretta akipita, Wendell husimama mlangoni akiitazama Chevelle mpaka ikate kona.

Mimi nimeshaenda mara mbili kumwuliza bei ya ile Charger. Najua kila nilichowasimulia. Lakini kile kinyesi, jamani, ukikitazama kwa karibu, ni halisi kabisa.