Pawasaplai ya Tani Ishirini na Nane

Ulikuwepo, na uliangalia kando. Usiseme ulikuwa Busia siku hiyo. Mwaka wa tisini na nane ulisimama pale Malaba karibu na kizuizi, spika ya serikali ikinguruma juu ya Landrova, na ulipoona mama wa watu ananyang'anywa kitu chake, ukaanza kukagua viatu vyako kana kwamba ndiyo kwanza umevinunua.

Spika ilitangaza kwamba, kwa kuzingatia usalama wa taifa, maadili ya vijana na heshima ya mpaka, imeundwa Kamati Maalum ya Kuteua Pawasaplai Bora kwa Kompyuta ya Gemu. Malaba nzima ilikuwa na kompyuta moja ya gemu. Kamati ilikuwa na watu kumi na mmoja, na dereva wao.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Anyait. Aliiweka kwenye chumba cha mabati nyuma ya uwanja wa matrela, na madereva waliongoja karatasi zao zigongwe mhuri walikuja kushindana magari ya kwenye kioo, maana ya kweli hayakusogea. Karo ya watoto wake ilitoka humo. Kisha stima ya Malaba, ambayo huingia kama shemeji mlevi, ikachoma pawasaplai: lile boksi la bati ndani ya kompyuta linalopokea stima ya ukutani na kuipunguza mpaka mashine iweze kuimeza.

Anyait hakukimbilia ya rahisi. Alivuka mpaka hadi Tororo, upande wa Uganda, akamfanya fundi Emukule ajaribu zote tatu alizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, gemu ikichezwa kwa fujo. Ya kwanza ilinuka. Ya pili ilizima gari lilipokata kona. Ya tatu ikanyamaza tu ikafanya kazi, feni yake ikipumua kama mtoto aliyeshiba. Akanunua hiyo.

Kizuizini ikachukuliwa. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Paulinus Ojakol, alimweleza kwa upole kwamba haijateuliwa. Anyait akasema ameiteua yeye. Akaulizwa yeye ni kamati gani.

Sasa, mpakani ukweli ni mmoja, nao ni mizani. Sukari hupimwa, omena hupimwa, trela hupimwa. Kwa hiyo Kamati iliibeba pawasaplai ya Anyait mpaka kwenye mizani ya malori, ikaiweka katikati ya lile bamba la chuma, kila mjumbe akarudi nyuma. Mizani ikasoma sifuri. Bwana Ojakol akavua kofia kama aliyefiwa. Kitu kisicho na uzito, alieleza, hakiwezi kubeba gemu yenye magari ndani. Kikafungiwa stoo.

Ndipo shemeji ya Mwenyekiti, Onyuka, akaleta pawasaplai yake, yenye stika ya dhahabu. Hiyo, kwa uangalifu wa kitaalamu, ilipimwa ikiwa ndani ya trela la mahindi. Tani ishirini na nane. Wakapiga makofi. Mjumbe mmoja aliuliza kama mahindi nayo hayakuhesabiwa. Akapelekwa semina Kakamega.

Anyait akaitwa kuipokea. Alijua akiikataa, chumba kinafungwa; akiikubali, kompyuta inaungua na watoto wanarudishwa nyumbani. Akapiga goti kama alivyofunzwa na mama yake.

"Mheshimiwa," akasema, "kitu cha tani ishirini na nane nikiweke kwa kibanda cha mabati? Si kitazama ardhini. Hii ni ya ofisi kubwa. Ni yako."

Bwana Ojakol hakuwa amewahi kuelezwa vizuri hivyo. Pawasaplai ikafungwa kwenye kompyuta ya ofisi yake, ile ya takwimu za mpaka, ambayo takwimu zake zote zilikuwa gemu ya karata. Ijumaa akaja Mkubwa kutoka Nairobi kuizindua. Wakamwekea gemu ya magari. Kona ya kwanza akaikata vizuri. Kona ya pili pawasaplai ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, na kompyuta ikafa nayo.

Kamati ilikutana hapo hapo, ikaamua kwamba pawasaplai imefaulu. Ni kompyuta iliyoshindwa kuistahili. Lakini Mkubwa alikuwa anaongoza mbio, na alitaka kumaliza. Akauliza kama kweli Malaba yote haina boksi linalofanya kazi.

"Liko," Anyait akasema kutoka mlangoni. "Mmelifungia stoo. Halina uzito."

Stoo ikafunguliwa. Kabla ya saa kumi kioo cha Anyait kilikuwa kinawaka, na Mkubwa akaja na Kamati nzima nyuma yake. Wakakuta madereva wameshajaa. Okal, aliyekwama mpakani wiki nzima akingoja mhuri wa Bwana Ojakol, alikuwa kwenye usukani wa kioo. Hakugeuza hata shingo.

"Boss, foleni inaanzia kule nje."

"Unanijua mimi?" Bwana Ojakol akauliza.

"Nakujua sana, mzee. Kuja kesho. Na ulete picha mbili za pasipoti."

Wakapanga foleni. Mkubwa alisimama nyuma ya dereva wa mafuta, Bwana Ojakol nyuma ya Mkubwa, juani, na Anyait akapita akiwatoza kiingilio kama watu wengine.

Umecheka. Vizuri. Lakini Kamati haijavunjwa. Imeongezwa wajumbe wawili, na hivi unavyosoma inakaa kuteua kiti cha kuchezea gemu. Mlango wa ofisi uko wazi. Inuka sasa, si kesho. Ingia, waulize kwa sauti nani aliwateua wao, na usitoke mpaka wakujibu.