Taa ya Barabarani na Miche Yangu Isiyolala

Neville Pascoe,
Banksia Close,
Canberra.
Machi, siku ya kutoa mapipa.

Kwa Msimamizi Mkuu,
Idara ya Taa za Mitaani.

Ndugu Msimamizi,

YAH: TAA YENU KUINYIMA USINGIZI MICHE YANGU MIWILI YA BANGI

Naomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu, na ukimaliza kuhusika, uzime taa.

Mimi ni mstaafu. Kazi yangu serikalini ilikuwa kujibu barua za malalamiko kama hii, kwa hiyo najua utasoma mstari wa kwanza na wa mwisho tu. Hoja zangu nimeziweka katikati, ili angalau mmoja wetu azifaidi.

Sheria ya mji wetu, ambayo naiheshimu kuliko mtu yeyote hapa mtaani, inamruhusu mtu mzima kuotesha miche miwili nyumbani kwake, mradi asitumie taa. Jua la Mungu tu. Nami sikuotesha kwa anasa. Mke wangu Coral ana baridi yabisi ya vidole. Zamani alifuma sweta za nusu ya mtaa huu. Siku hizi kila asubuhi anakuja kusimama mbele yangu nimfunge vifungo vya sweta yake mwenyewe, na vidole vyangu ni vinene, tunahangaika mpaka chai inapoa. Tumesikia mafuta ya bangi ya kuchua yanasaidia. Inaniuma kumwona hivyo, ndiyo maana nitakuwa mkali kidogo.

1. Bangi yangu ni ya jadi. Haichanui mpaka ione usiku umerefuka. Kiangazi kikielekea ukingoni, inajua saa yake imefika. Desemba mkaja mkaondoa ile taa ya manjano iliyokuwa na adabu zake, mkatutundikia hii nyeupe inayomulika bustani yangu hadi kwenye mizizi. Tangu hapo miche inadhani kiangazi hakijaisha. Inarefuka, inanenepa majani, ua hakuna. Imekuwa kama lile jitu la miaka thelathini linalokula kwa mama yake na kusema bado linatafakari maisha.

2. Jirani yangu Tegan Wojcik, fundi rangi, ana bangi ya aina nyingine, inayochanua kwa umri. Asili yake ni nchi za baridi ambako kiangazi ni kifupi, ikajifunza kutosubiri. Ikitimiza wiki chache inatoa maua, giza liwepo lisiwepo. Iko chini ya taa hiihii, ng'ambo ya uzio huuhuu, na ameshavuna tangu Januari. Nilimwambia mche usioheshimu majira hauna malezi. Akaegemea uzio akacheka. "Mzee Nev, wangu hauna malezi lakini una maua. Huo wako bado uko chekechea, mahafali lini?" Naomba Idara inieleze kwa nini taa ya umma inawapendelea wasio na subira.

3. Sheria, kama nilivyosema, inakataza kuotesha kwa mwanga wa taa. Taa yenu ni taa. Kwa hiyo tangu Desemba mimi ni mhalifu, na Idara yako, inayolipia umeme, ni mshirika wangu. Nilikwenda kituo cha polisi kujisalimisha, nikiwa na picha ya nguzo. Askari wa zamu aliitazama kwa makini, kisha akaniambia: "Mzee wangu, rudi nyumbani ukapumzike. Hapa tuna kazi." Nadhani mimi ndiye mhalifu wa kwanza kufukuzwa kituoni kwa kukiri.

4. Nikaamua kujitafutia giza. Kila jioni huchukua mapipa yetu mawili ya taka, lile la kawaida na lile la majani, nikayapindua juu ya miche, na asubuhi nikayaondoa. Yananuka, lakini giza limo. Tatizo ni kwamba pipa lililofunika mche usiku haliwezi kuwa barabarani alfajiri kusubiri gari la taka. Taka zetu sasa zinaishi gereji, na gari letu linalala nje. Barua zangu kuhusu taa hamjajibu hata moja. Kuhusu mapipa mlinijibu ndani ya wiki, mkanikumbusha wajibu wangu kama mkazi.

5. Kana kwamba hayo hayatoshi, serikali inasogeza saa mbele kila kiangazi kikikaribia ili jioni iwe ndefu. Binadamu tumeshauriwa, miche haikuulizwa. Nilimweleza Tegan kwamba ninafunika kwa saa ya serikali, wakati jua bado liko juu ya paa, na kwamba hili ni dhuluma. "Mzee Nev," akasema, "funika jua likizama. Mche haujavaa saa." Huo ndio ukosefu wa utaratibu ninaoupigia kelele.

6. Hili la mwisho linanitia uchungu. Mwezi uliopita Tegan alileta chupa ya mafuta aliyoyapika kwa bangi yake, ampe Coral. Sheria inaturuhusu kuotesha, lakini hairuhusu kumpa mwenzako hata jani. Nikairudisha juu ya uzio kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Tegan akanitazama akasema, "Wewe mzee una kichwa kigumu kama nguzo yenyewe." Coral alikula chakula cha jioni akiwa amenigeuzia bega, na asubuhi yake hakuja kufungwa vifungo. Alishinda na kanzu ya kulalia. Haya yote, Ndugu Msimamizi, yanatokana na taa yako.

Kwa hiyo naomba taa ya mbele ya nyumba yangu izimwe, pamoja na za mtaa mzima, ili nisionekane nimependelewa. Taa za uwanja wa mpira nazo zizimwe, na wachezaji wafanye mazoezi kwa kuitana majina. Saa irudishwe nyuma mara moja. Mwezi mpevu sijaulalamikia kwa sababu sijapata anwani yake.

Wasalimie mafundi wa nguzo, na yule dada wa simu anayeniambia nisubiri, na mkubwa wako, ambaye najua yuko kikaoni.

Wako mtiifu, anayetafuta giza kwa njia halali,

Neville Pascoe

N.B. Barua hii ililala juu ya friji ikisubiri stempu. Jioni ya siku ileile niliyoiandika, mafundi wenu walikuja wakazima taa. Kumbe barua yangu ya Januari ilifika. Kwa furaha nikasukuma mapipa hadi barabarani kama raia mwema, na miche ikalala wazi, gizani. Usiku posamu, wale wanyama wa huku wenye ukubwa wa paka wanaokula majani, walishuka kutoka kwenye dari yetu. Asubuhi nilikuta vijiti viwili.

Naomba basi muiwashe taa tena, tena iwe kali, posamu waogope. Mwakani nitaotesha ile isiyo na malezi. Ila mtakapoiwasha, muigeuze kidogo isimulike uzio wa upande wa Tegan. Kuna vitu vyenye umbo la chupa vinapita juu yake jioni, na mimi, kama mtu anayeheshimu sheria, nisingependa kuviona. Leo asubuhi Coral amekuja kusimama mbele yangu kama kawaida. Nilipoinua mikono, nikakuta ameshaifunga sweta mwenyewe, mpaka kifungo cha juu.