Sauti ya Mama Mkwe, Sehemu ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya kabla ya chai. Mke wangu ametangaza kwamba Jumamosi, mama yake anapotimiza mwaka tangu atutoke, ndugu wote watakuja sebuleni kwetu kuisikiliza ile sauti. Marehemu alijirekodi kwenye kompyuta yetu siku tisa mfululizo, kabla nguvu hazijamwishia, mlango umefungwa, peke yake na kikombe chake cha maji ya moto. Sehemu tisa. Hakuna aliyewahi kuzisikiliza. Mke wangu hakuweza, kila akijaribu analia.

Mimi sikuzisikiliza kwa sababu nyingine. Kuna suala la gari.

Nitaliandika hapa kwa kuwa daftari hili halina mdomo. Mwezi mmoja kabla hajafariki, mama mkwe aliniomba nimpeleke kwa dada yake, mwendo wa saa nne. Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Nikachomoa waya mmoja kwenye injini, nikasema gari limekufa. Nilipoinua kichwa nilimwona dirishani. Aliniambia tu pole na kazi. Yeye na dada yake hawakuonana tena.

Nina hakika ameyasema yote humo. Mbele ya mke wangu! Mbele ya shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tangu harusi ananitazama kama noti ya bandia! Hapana. Kompyuta ile haitatoa sauti Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wenyewe hauna makuu. Kuzifuta rekodi ni dhambi, tena nitajulikana. Nitaondoa draiva ya sauti tu, yaani kile kijiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na spika zake. Itakuwa bubu, nami nitashika kiuno na kusikitika pamoja na wenzangu.

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema jino. Mke wangu alikuwa shuleni anafundisha. Nimeifuta draiva. Kimya kitamu! Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Ikapiga ule mlio wake wa kukaribisha. Imejirudishia draiva yenyewe. Nikafuta, ikarudisha. Mara nne. Sijapata kuona mashine yenye kiherehere namna hii.

Jioni mke wangu ameniuliza hali ya jino. Nikasahau ni la upande gani. Nimetafuna chakula chote kwa kushoto, kwa mateso yasiyo na faida yoyote.

Jumatano, 5 Machi

Nimelitambua kosa. Draiva ya sauti ina wenzake wanaoirudisha kwa mlango wa nyuma. Lazima kusafisha ukoo mzima.

Kazi hii naijua. Mimi ni mtunza stoo wa hospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nina kanuni moja: kila miezi mitatu napita na orodha, na kitu ambacho hakuna awezaye kuniambia kazi yake, kinatoka. Ndivyo ilivyotoka taa ya chumba cha upasuaji. Hiyo ilirudishwa.

Basi nimefungua orodha ya vifaa vya kompyuta, nikapita kimoja kimoja na kalamu mkononi. Kibodi naijua, ibaki. Skrini, ibaki. Kidhibiti cha diski: diski imo ndani, imekazwa kwa skrubu, haiendi popote, sasa inadhibitiwa ya nini? Kimetoka. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nimeudhika. Nimebonyeza ndiyo kwa nguvu. Zimetoka draiva kumi na tisa. Nikaiwasha upya.

Skrini ya buluu. Maandishi meupe: mfumo umepata hitilafu na utajiwasha tena. Ukajiwasha. Buluu. Ukajiwasha. Buluu. Nilihesabu hadi mara ya kumi na moja nikaacha.

Kwa upande mmoja nimefanikiwa, haitoi sauti. Kwa upande mwingine, haitoi chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Roho juu siku nzima. Wodini wameomba bandeji, nimewapelekea glavu. Saa nne asubuhi shemeji amepiga simu kwamba kesho anakuja kujaribu spika mpya alizonunua. Kimbelembele! Nani kamwomba spika?

Kwa hiyo kompyuta lazima ipone leo. Karani wa mapokezi ameniazima diski ya kusimika upya mfumo wa kuendesha kompyuta. Akanisisitizia mara mbili: nichague kurekebisha, nisiguse kingine. Nikachagua kurekebisha. Dakika ishirini, kisha ikaniambia imeshindwa. Chini yake kulikuwa na chaguo la pili: kuanza upya.

Maneno matamu hayo kwa mtu wa hali yangu. Nilidhani ni mfumo tu utakaoanza upya. Ilipofika asilimia thelathini ndipo nikaona onyo kwa herufi ndogo kwamba vyote vilivyomo vitafutwa. Nikauchomoa waya ukutani. Ni mara ya pili maishani nachomoa waya kwa sababu ya mama mkwe, na mara hii nilikuwa nataka kweli jambo lifanikiwe.

Kisha nimekaa sakafuni nikalia. Naliandika hivyo hivyo. Nilikumbuka alivyokuwa akijaza chemshabongo ya gazeti na kuacha neno moja, jepesi kabisa, halafu ananiita nimsaidie. Alijua jibu. Alitaka tu nijione nina akili. Watu wa namna hiyo sijakutana nao wengi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu kompyuta imejiharibu. Akaenda kumleta fundi. Ni mama wa makamo, mkimya, miwani yake ina kamba shingoni. Shemeji naye akawahi na spika zake. Akakalia boksi la spika katikati ya sebule, miguu amepanua.

Fundi akajaribu kuiwasha kwa njia ya dharura. Ikakataa. Akachomeka flashi yake, akaiwasha kwa mfumo uliomo humo, akachungulia ndani ya diski kwa muda mrefu. Akaniuliza niligusa nini. Nikajitia hamnazo, nikasema sikugusa kitu.

“Draiva hazijiondoi zenyewe, mzee,” akasema. “Kumbukumbu zinaonyesha. Jumatano, saa tisa alasiri, kumi na tisa kwa mpigo.”

Alipokuwa anasema hivyo, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Fundi akaeleza bila kunisimanga, na hilo ndilo lililoniuma. Kidhibiti cha diski ndicho kinachoufungulia mfumo mlango wa kuingia kwenye diski. Nilipokiondoa, mfumo ukafungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Ile buluu ilikuwa kelele za kugonga mlango. Rekodi hazikuwa zimeguswa hata moja. Angeitwa Jumatano, ingekuwa kazi ya nusu saa. Kuanza upya ndiko kulikovuruga.

Ameokoa sehemu nane, akamkabidhi mke wangu kwenye flashi. Ya tisa amepata sekunde chache tu. Amesema iliyobaki huenda bado imo, imelala kwenye diski, na yupo mtu mwenye vyombo vya kuitoa. Jumatatu atakuja kuichukua diski ampelekee. Mpaka hapo kompyuta isiwashwe wala isiwekwe kitu chochote, maana kila kipya kinachoandikwa humo kinakaa juu ya sauti ya mama. Alinitazama mimi alipokuwa anasema. Shemeji naye alinitazama. Nimeitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 8 Machi

Watu kumi na wanne sebuleni, bila kunihesabu mimi. Spika za shemeji, sina budi kukiri, ni nzuri. Ilikuwa kama marehemu yuko chumba cha pili na mlango uko wazi.

Alisimulia utoto wake, mumewe, watoto aliowazika. Alicheka mahali ambapo sisi tulilia. Kila sehemu ilipokwisha nilihema, nikisubiri gari. Halikutajwa. Mwisho wa sehemu ya nane akakohoa, akanywa maji yake, akasema:

“Kesho nitasema habari za mkwe wangu na lile gari. Nataka wanangu wazisikie kutoka kwangu mimi, wasije wakamfikiria vibaya.”

Shemeji akafungua ya tisa. Pumzi. Kiti kikatoa mlio. “Mkwe wangu huyu,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, naapa ilikuwa ya upole, kisha ikakatika.

Shemeji akauliza ni gari gani. Watu kumi na watatu wakanigeukia. Nikasema sijui. Mke wangu hakunigeukia.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni, nikamweleza yote, waya, dirisha na draiva. Aliendelea kukausha vikombe mpaka nikamaliza.

“Lile lilikuwa neno lako,” akasema. “Mama alikuachia wewe. Na wewe ndiye uliyelifuta.”

Nimekausha vikombe vilivyobaki. Vyote vilikuwa vikavu tayari.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kwa kaka yake. Hakusema atarudi lini. Nyumba imenielemea. Nimejaribu kujaza chemshabongo ya gazeti la leo, nimeacha neno moja, jepesi. Hakuna wa kumwita.

Nataka kumsikia. Sijali tena atasema nini. Kama alinisamehe, nataka kujua. Kama alinilaani, nataka kujua pia, lakini niwe wa kwanza. Hapo ndipo penye tatizo. Fundi anakuja kesho, atampelekea yule mtu wake, na neno langu mimi litasikilizwa na mtu baki, halafu shemeji, halafu mimi wa mwisho.

Nimefikiri kwa utulivu. Zipo programu za kuokoa vilivyofutwa, karani wa mapokezi amenitumia moja. Ni ndogo kabisa. Kikwazo ni kwamba haiwezi kufanya kazi mpaka kompyuta iwe na mfumo, na mfumo haupo. Lakini diski ya karani bado ninayo.

Fundi alikataza, ndiyo. Ila alikuwa anazungumzia watu wasiojua wanachokifanya. Mimi sasa nina uzoefu wa wiki nzima. Na kosa la Alhamisi nimeshaligundua: nilichomoa waya kabla ya wakati.

Nimechagua kuanza upya. Imeniuliza kama nina hakika.

Asilimia thelathini. Mara hii sichomoi.