Mashine Yangu na Kaburi la Baba Mkwe

Jumapili, tarehe 27 Julai

Habari kubwa baada ya misa! Mama Kyabu, mama mkwe wangu, anahamia Kolwezi kwa mtoto wake wa kwanza. Nyumba ya mumewe, marehemu Baba Ngoy, karibu na gare ya treni, ile ya matofali ya kuchoma, yenye bati zima na mti wa avoka, atamwachia mmoja wa wakwe zake. Wakwe tuko wawili tu: mimi, na Lumbu aliyemuoa Talitha, mdogo wa mke wangu Valérie. Mama atatoa funguo tarehe moja Agosti, Siku ya Wazazi, siku ya kusafisha makaburi, tukishamaliza la mzee.

Nyumba ni yangu! Hapa tunapanga, na mvua zikianza tunalala tumekaa. Lumbu ni mfanyakazi wa reli, hana maneno, hana tai. Atakuja na jembe kama kila mwaka. Mkwe wa kisasa haji na jembe.

Jumatatu, tarehe 28 Julai

Nimepata silaha! Béni, anayeleta bidhaa kwa treni kutoka Lubumbashi, alikuwa na débroussailleuse. Ni mashine ya petroli ya kukata majani. Unaivaa begani kwa mkanda, na kule chini inazungusha kamba ya plastiki. Kamba tu, lakini majani yanalala! Nimeichukua kwa kubadilishana na baisikeli. Kweli, baisikeli ni ya Valérie, anapelekea unga sokoni. Lakini tukihamia gare, soko liko pale pale.

Valérie hakupiga kelele. Aliketi, akauliza kesho unga utabebwa na nani. Nikamwambia afikirie mbali. Akasema yeye anafikiria mpaka kesho tu, na kesho yenyewe imeshamchosha.

Jumanne, tarehe 29 Julai

Béni alinifundisha kwamba petroli ya mashine hii inachanganywa na mafuta ya injini. "Unatiya kidogo tu, papa. Kidogo!" Nawajua wafanyabiashara. Watakwambia utie kidogo ili mashine ife na wewe urudi kununua nyingine. Nikatia nusu kwa nusu. Injini ni kama mtu, ikishiba inafanya kazi.

Nilivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likalia. Kimya. Nikavuta tena, ikawaka! Halafu moshi. Moshi mweupe, moshi wa buluu, ukafunika jiko, choo na nguo za jirani yetu Mama Salomé zilizokuwa kwenye kamba. Mama Salomé akadhani nyumba inaungua. Akakimbia na ndoo ya maji akanimwagia mimi na mashine pamoja. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Ndipo Mama Salomé alipoziona nguo zake. Aliyoyasema siyaandiki, yeye mwenyewe atayapeleka kwa padri.

Jumatano, tarehe 30 Julai

Béni amefungua buji, plagi ya kuwashia injini. Nyeusi kama tako la sufuria. Akaisugua, akamwaga mafuta yangu, akachanganya mengine, akaniuliza kama nilitaka kukata majani au kuyakaanga. Alicheka sana, na wateja wake wakamsaidia. Kisha akanipa maonyo. Nisafishe kichujio cha hewa kwa sababu ya vumbi la kiangazi, nivae miwani, nisiruhusu mtu anikaribie. Nilisikiliza nusu. Nilikuwa nawaza nyumba.

Lumbu alipita akitoka kazini. Akainama kuiangalia mashine. Akasema, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, kaburi banasafisha na mikono. Muzee iko anasikia."

Wivu! Jioni Valérie naye akaniambia kwamba mwenye kelele hana neno. Alimaanisha Lumbu, nadhani, ingawa Lumbu hapigi kelele.

Ijumaa, tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi

Mungu wangu.

Kwanza niandike jambo ambalo kila Muluba wa kabila letu analijua. Mkwe hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani ni mkwe anayeingia majanini na kuficha uso. Kwa sababu hiyo Mama Kyabu alikaa mbali na kaburi, upande wa pili, na binti zake.

Asubuhi makaburini palijaa. Familia zote zimeinama, majembe na mapanga. Nikafika mimi na mashine begani, helmeti ya pikipiki kichwani, pamba masikioni. Nikavuta mara moja, ikawaka! Watu wote wakainuka. Watoto wakaacha makaburi ya babu zao wakaja kunitazama mimi. Lumbu alikuwa amepiga magoti anang'oa majani moja moja. Nikamzunguka. Majani yalikuwa yanaruka, na mawe pia kidogo. Nilijiona ndani ya nyumba, chini ya avoka.

Kulikuwa na ua kichwani pa kaburi. Mama Kyabu alilipanda mwenyewe na kiangazi chote analibebea maji. Sikuliona. Helmeti ilikuwa imejaa vumbi. Likaenda pamoja na majani.

Mama Kyabu akasahau mila akaja mbio kuokoa ua lake. Mimi sikusikia kitu, kwa pamba. Nilihisi mtu nyuma, nikageuka na mashine inazunguka. Kamba ikakamata kitenge chake cha juu, kile cha kujifunga, zawadi ya mwisho ya Baba Ngoy. Ikakizungusha chote kama uzi! Akabaki na kitenge cha chini, namshukuru Mungu na mabikira wote.

Nikaona ni yeye. Mila inasema ukimbie, ufiche uso. Nikakimbia! Lakini mkanda ulikuwa begani na kidude cha kuzimia nilikisahau kiko wapi. Nikakimbia kati ya makaburi, mkono mmoja machoni, injini inanguruma, kitenge cha mama mkwe kinapigapiga nyuma. Ikazima yenyewe ilipojaa nguo.

Nilikaa nyuma ya ukuta mpaka watu wote walipoondoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Kaka zake Mama Kyabu wamekaa baraza. Mimi nje, Valérie anapeleka maneno. Nikamtuma aseme kosa ni la kamba. Hakufikisha. Hukumu: mbuzi, kuku mweupe na kitenge kipya. Mbuzi tuliye naye ni mmoja, naye ni wa Valérie. Alipokuwa anavutwa alinigeukia akanitazama sana. Namaanisha mbuzi. Valérie hanitazami.

Funguo amepewa Lumbu. Akazitia mfukoni, akamshukuru mama kupitia Talitha, akaondoka. Hata hakushangilia. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mama Kyabu amepanda treni leo. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya mizigo. Kabla ya kupanda alimwachia Valérie neno la kunipa, kuhusu Siku ya Wafu, mwezi wa Novemba: "Umuambie minyi shina kinyongo. Siku ya Bafu akuye kupanda ua mupya. Akuye na jembe na mikono yake. Ile mashini ibakie."

Nililia pale gare, mbele ya wapagazi. Ni mama wa kweli. Amenisamehe, amenikabidhi ua la mzee, mimi na si Lumbu!

Nimerudi nikitafakari maneno yake. Amesisitiza mikono. Na mashine inashikwa na nini? Mimi sijawahi kuishika kwa miguu. Nimepita kwa Béni, tumeelewana. Ametaka meza yetu, na meza ni kitu gani, tutakula mkekani kama wazee wetu. Treni ijayo ananiletea kisu cha chuma cha kufunga mahali pa ile kamba, cha mviringo, chenye meno.

Kamba ndiyo iliyozungusha kitenge. Chuma hakizungushi, kinakata.